Kidude Kimeruka Tena! Mikono, Macho na Hasira

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya mbele ya klabu ya afya ya wanafunzi wa sekondari. Tumeyachapa kama alivyoyatoa, na maswali ya wanafunzi yako mwishoni.

Najua mmezoea kuniona na mabango. Leo nimekuja na karatasi hii nyeupe tu. Katikati nimebandika kitu. Pitisheni taratibu, kila mmoja akione. Wewe unasema ni uchafu? Mwenzako anasema ni kipande cha waya? Hapana. Huo ni mkanda wa kiti cha rubani, pamoja na kichuma chake cha kufungia!

Rubani gani huyo? Wa ndege ndogo ya kuunganisha. Kituo chetu cha vijana kilipata boksi lake ndani ya msaada wa vitabu kutoka Uingereza. Ndege yenyewe ni Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1936. Ile halisi ilikuwa na meta 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Yetu ni ya skeli ya 1 kwa 72. Skeli mmeisoma kwenye ramani, basi pigeni hesabu: mabawa yanakuwa sentimita 15.6. Mkanda wenye upana wa sentimita 5 unakuwa milimita 0.7. Na hiyo 0.7 ndiyo inayotoa watu machozi.

Ndege yenyewe ni ya plastiki, lakini vitu vyembamba kama mikanda hutengenezwa kwa bati la shaba ya njano, kama shaba ya makufuli. Unene wake ni sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Kiwandani bati hupakwa dawa inayobadilika kwa mwanga, linapigwa picha ya vipande, kisha tindikali inakula sehemu zisizotakiwa. Vipande hubaki vimeshikiliwa kwenye fremu na vishikizo vidogo mno. Kampuni ya Eduard, iliyoanzishwa mwaka 1989 katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki, imejulikana sana kwa vipande vya aina hii.

Msidhani ni mchezo wa watoto tu. Uingereza, Marekani na Japani kuna watu wazima, wazee kabisa, wenye vyama vya kazi hii. Chama kimoja kikubwa kilianza Uingereza mwaka 1963. Na hao wazee, pamoja na uzoefu wao wote, kidude kikiruka kutoka kwenye kibano wanapiga magoti na kupapasa chini kama sisi. Wana utani wao: eti ndani ya zulia linaishi zimwi linalokula vipande vidogo!

Najua mnajiuliza: Dada, afya inaingiaje hapo?

INAINGIA HIVI

Pale kituoni kulikuwa na kijana, nitamwita J. Siku hiyo alikuja bila kula tangu asubuhi. Aliinama juu ya meza karibu saa mbili nzima akitafuta kubandika mkanda mmoja. Kidude kikaruka. Akakitafuta, akakipata. Kikaruka tena. Mara ya tatu kikanasa kwenye kidole chake chenye gundi badala ya kwenye kiti. J. akasimama, akaisukuma meza, ndege ikaanguka, bawa likavunjika. Akatoka nje akisema, "Mimi mikono yangu mibovu. Sifai."

Wadogo zangu, bawa linaungwa kwa dakika tano. Neno "sifai" ndilo lililonitisha. Kijana akishajiambia hivyo juu ya mkanda wa milimita, kesho atajiambia hivyo juu ya hesabu, na keshokutwa juu ya maisha yake. Na haikuwa kweli! Mikono ya J. haikuwa na ubovu wowote. Mwili wake ulikuwa unamwambia kitu, naye hakuwa amefundishwa kuusikiliza.

Tufanye jaribio. Nyoosheni mkono mmoja mbele, vidole vimetanuka. Weka karatasi ya daftari juu yake. Tazama ukingo wa karatasi. Unacheza, si ndiyo? Wa kwako unacheza, wa mwalimu unacheza, wa daktari wa upasuaji pia unacheza. Kila binadamu mzima ana mtetemeko huo, kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Ukishika jembe huuoni. Ukishika kitu cha milimita 0.7 unauona wazi.

Mtetemeko huo unaongezeka ukiwa na njaa, ukikosa usingizi, ukinywa kahawa nyingi, na ukivuta sigara. Ndiyo, wale wanaosema sigara inatuliza mikono, wajue nikotini inaongeza mtetemeko. Na unaongezeka zaidi ukikasirika, kwa sababu hasira inamwaga adrenalini kwenye damu, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Umeuona mtego? Kidude kinaruka, unakasirika. Umekasirika, mkono unatetemeka. Mkono ukitetemeka unabana kibano kwa nguvu zaidi, na kitu chembamba kinachoteleza kikibanwa sana, kinaruka tena!

Kwa hiyo ile sauti ya "jaribu tena, usikubali kushindwa" si wakati wote inakusaidia. Kikiruka mara ya pili, weka kibano chini. Simama. Kunywa maji, kula kitu, tembea nje dakika kumi. Kuacha kwa muda siyo kushindwa.

MACHO YAKO NI MAWILI TU

Ukitazama kitu cha karibu kwa muda mrefu, msuli mdogo ndani ya jicho unabaki umekaza. Tena unasahau kupepesa, jicho linakauka, linawasha, kichwa kinauma. Kila baada ya dakika 20, inua uso utazame kitu cha mbali, kama meta 6, kwa sekunde 20. Fanya hivyo hata unaposoma usiku. Na mwanga uwe wa kutosha.

Vishikizo vya shaba vikikatwa, vinaruka. Vaa miwani ya kujikinga. Kikiingia jichoni, USISUGUE. Kama kimeelea tu juu ya jicho, osha kwa maji safi mengi. Kama kimechoma na kukwama, usikichokonoe hata kidogo. Funika jicho bila kulibana, nenda hospitali.

Halafu gundi. Shaba haishikwi na gundi ya plastiki, inatakiwa supagluu. Fungua dirisha, moshi wake unawasha macho na pua. Vidole vikigandana, usivichane. Loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni, uvitenganishe taratibu. Usiifute kwa pamba, maana ikikutana na pamba inapata joto la kuweza kukuunguza. Na chupa yake isikae karibu na dawa ya macho! Zinafanana, na watu wameshajidondoshea gundi jichoni. Likitokea, osha kwa maji, usilazimishe kope kufunguka, wahi hospitali.

MBINU ZA WAZOEFU

Nilipomrudisha J. wiki iliyofuata, alikuja ameshiba. Tulifuata mbinu hizi:

1. Kata kipande juu ya kitu kigumu, kama kioo nene au kipande cha marumaru. Juu ya kitu laini kinapinda. Wengine hukatia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, ili kikiruka kibaki humo.

2. Usikibane. Chukua njiti ya kuchokonolea meno, paka nta kidogo ya mshumaa kwenye ncha, gusa kidude. Kitanata chenyewe.

3. Tone la gundi lichukuliwe kwa ncha ya sindano. Ukimwaga kutoka kwenye chupa umeharibu.

4. Egemeza mikono yote miwili mezani mpaka kwenye viwiko. Mkono unaoelea unatetemeka zaidi.

5. Kikianguka, usihamishe miguu ovyo. Zima taa, laza tochi sakafuni, tazama mwanga unavyopita. Hata kidude cha nusu milimita kitatupa kivuli, au kitang'aa.

J. alibandika mkanda wa kushoto kwa dakika arobaini. Wa kulia hatujauona hadi leo. Ndege ile ipo kituoni, rubani wake ana mkanda mmoja, na J. anaionyesha kwa kila mgeni!

MASWALI YENU

Swali: Sisi hatuna maboksi ya Uingereza. Hii inatuhusu nini?

Jibu: Wangapi hapa wametengeneza gari la waya au la kopo? Hiyo nayo ni modeli! Na kesho mmoja wenu atakuwa fundi simu anayeshika skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Mwingine atakuwa sonara. Mwingine nesi anayetafuta mshipa wa mtoto mchanga. Wote watakutana na mkono unaotetemeka.

Swali: Mafundi redio wanaunganisha kwa risasi. Tunaweza kuitumia kwenye shaba?

Jibu: Inawezekana, na wazoefu wengi hufanya hivyo. Lakini risasi ni sumu mwilini. Usiishike mdomoni, usile ukiwa kazini, fungua madirisha, nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Watoto wadogo wasikae karibu.

Swali: Nikikasirika nashindwa kabisa kujizuia. Nifanye nini?

Jibu: Hasira haiji ghafla kama unavyodhani. Ina dalili. Taya linakaza, mabega yanapanda, unashikilia pumzi. Jifunze dalili yako ya kwanza. Ukiiona, toa pumzi polepole, weka chini ulichoshika. Kama hasira inakufanya uumize watu au uvunje vitu mara kwa mara, hilo ni suala la afya kama malaria ilivyo. Zungumza na mwalimu mlezi, muuguzi, au mtu mzima unayemwamini.

KUMBUKA: Mkono ukitetemeka, uliza kwanza: Nimekula? Nimelala? Nimekasirika? Ukishajibu hayo matatu, ndipo ushike kibano tena.

Na ile karatasi nyeupe, tafadhali, nani anayo?