MOTOKAA ISIYO NA DEREVA NA MAWIMBI YA REDIO

Natumaini mmekwisha kaa vyema, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake, maana leo tutafanya na hesabu kidogo. Mwenye miwani na aivae.

Somo letu lahusu motokaa ziendazo zenyewe bila dereva. Katika miji kadha wa kadha ya Marekani na Uchina, motokaa za namna hii huchukua abiria kama teksi. Abiria hufungua mlango, huketi nyuma, na usukani huzunguka peke yake. Huo si uganga. Anayeendesha ni kompyuta.

Motokaa hiyo ina macho, yaani kamera na vyombo vya kupimia umbali. Kompyuta huyatazama yote, kisha huamua: kwenda, kupunguza mwendo, au kusimama. Mambo mengi huamuliwa humo humo ndani ya motokaa. Lakini ikikuta jambo isiloelewa, kama barabara iliyofungwa na polisi, huuliza. Huwauliza watu walioketi ofisini, mbali kabisa, wakitazama picha zake. Kwa kawaida watu hao hawashiki usukani. Hutoa shauri tu. Swali huenda na jibu hurudi kwa mawimbi ya redio, ndugu wa mawimbi haya yaletayo sauti yangu kwenu. Hapo ndipo penye shida, nasi tutazitaja shida nne.

Shida ya kwanza ni kuchelewa. Haya, andikeni. Motokaa inakwenda kilometa 72 kwa saa. Kilometa 72 ni mita 72,000. Saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya mita kwa sekunde: jibu ni 20. Basi kila sekunde motokaa hii hupita mita 20. Sasa, tuseme habari imechelewa sekunde moja tu. Motokaa imekwenda mita 20 bila jibu, na mtoto anayevuka barabara yuko mita 15 mbele. Mmeona?

Mtu atauliza: mawimbi hukimbia kilometa 300,000 kwa sekunde, mbona habari ichelewe? Ni kwa sababu haiendi moja kwa moja. Hufika kwenye mnara, hupita katika mashine nyingi, tena hungoja zamu, kama barua ipitayo posta moja hata nyingine.

Shida ya pili ni kutofika mbali. Mitandao mipya ya simu, iitwayo kizazi cha tano, ilitungwa ili kufupisha kungoja huko. Shabaha iliyowekwa kwa kazi za haraka kabisa ni sehemu moja ya elfu ya sekunde kwa safari ya hewani. Kwa muda huo motokaa yetu ingekwenda sentimita 2 tu. Lakini mawimbi yawezayo kubeba habari nyingi kuliko yote ni mafupi mno. Urefu wa wimbi moja ni kiasi cha sentimita moja. Ukuta huyazuia, majani ya miti huyapunguza, mvua kubwa huyadhoofisha. Hufika mita mia chache tu. Kwa hiyo huhitaji minara mingi iliyo karibu karibu, na motokaa ikienda mbio lazima iache mnara huu na kushika ule, tena na tena, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe. Jiwe moja likikosekana, ataanguka majini.

Shida ya tatu ni msongamano. Ninyi wenyewe mwaijua. Uwanja wa mpira ukijaa watu, simu yako huonyesha kwamba mtandao upo, lakini ujumbe hauendi. Mambo kama hayo yalitokea katika mji wa San Francisco, Marekani. Tarehe 10 Agosti 2023 wakuu wa jimbo la California waliruhusu teksi zisizo na dereva kutoza nauli mchana na usiku mjini humo. Usiku wa kesho yake, motokaa kama 10 za kampuni ya Cruise zilisimama katika mtaa wa North Beach, zikaziba njia. Kampuni ilieleza kwamba tamasha kubwa la muziki katika bustani ya Golden Gate lililemea mtandao wa simu, hata mawasiliano na motokaa zake yakachelewa. General Motors, mwenye Cruise, alitangaza Desemba 2024 kwamba anaacha kazi ya teksi hizo. Lakini funzo limebaki. Fikirini kama nyuma yake kungalikuwa na gari la wagonjwa.

Shida ya nne ni wezi. Mlango apitao rafiki, adui naye aweza kuupita. Mwaka 2015 wataalamu wawili, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha hatari hiyo. Wakiwa mbali, waliingia kwa mtandao wa simu katika gari la Jeep lililokuwa likiendeshwa na mwandishi wa habari aliyekubali kujaribiwa, wakaliondolea nguvu katika barabara kuu. Baadaye kampuni iliyoliunda iliita magari milioni 1.4 yarekebishwe.

Basi tuseme nini? Mtandao na uwe msaidizi wa motokaa, usiwe ubongo wake. Isiposikia jibu, motokaa ijue yenyewe kujiweka pembeni, mahali salama, isisimame katikati ya njia. Mama avukaye barabara na mtoto mgongoni hajui habari za minara, wala hapaswi kuzijua. Kwa hiyo siku mtu atakapokuja kutaka ruhusa ya kuleta motokaa hizi mjini kwenu, muulizeni kwanza: “Mtandao ukikatika, motokaa yako itafanya nini?” Asipokuwa na jibu, na angoje.

Maswali ya darasa:
1. Motokaa ikienda kilometa 36 kwa saa, hupita mita ngapi kwa sekunde?
2. Kwa nini mawimbi mafupi huhitaji minara mingi?
3. Zungumzeni: je, ungemkabidhi mtoto wako kwa motokaa isiyo na dereva? Toa sababu.

Kwa herini, mpaka somo lijalo.