Maktaba Si ya Watahiniwa Pekee

Hotuba ya afisa wa maktaba kwa wakazi wa kaunti yetu, Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai

 

Wengi wenu mnaijua nyumba hii kama mahali pa kujiandaa kwa mtihani. Mwezi wa Oktoba viti havitoshi. Desemba vi vitupu. Mkulima, mvuvi na mama wa sokoni hupita nje wakidhani humu ndani hamna lao. Lipo.

Kifungu cha 11 cha Katiba kinataja maktaba miongoni mwa njia za kukuza utamaduni wetu. Jedwali la Nne nalo limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni pamoja na maktaba. Kwa hivyo, Jumamosi tunapowaalika wazee watoe ngano, watege vitendawili na kuwafundisha watoto majina ya miti na samaki, hatujaiacha kazi yetu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Tena kuna haraka. Mwaka 2009, UNESCO iliziweka mila za kaya za Wamijikenda katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Mimi mwenyewe, nyanya yangu alikuwa na nyimbo nyingi za kubembelezea watoto. Alipofariki, ukoo mzima tulikumbuka ubeti mmoja tu, na hata huo tukabishana maneno yake. Simu za kurekodi tulikuwa nazo mfukoni miaka yote hiyo.

Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, mkisharekodi, maneno yetu mtayapeleka wapi?" Ni swali la haki. Ipo sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni zisitumiwe bila idhini ya wenyewe. Kwetu hapa, hatuwashi kinasa sauti kabla msimulizi hajakubali. Tunaandika jina lake, kijiji chake, tarehe na lugha aliyotumia. Kisha tunamsikilizisha alichosema. Akitaka sehemu ifutwe, inafutwa. Siri za kaya zibaki kaya.

Sasa nina maombi mawili.

La kwanza, vijana, msije peke yenu. Mje na babu au nyanya. Asiyeweza kutembea, tuambieni tumfuate nyumbani. Wenzetu wa Garissa walianza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia mwaka 1996. Sisi kinasa sauti hakitatushinda kubeba.

La pili, Mpango wa Maendeleo wa Mwaka wa kaunti hutakiwa kufika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Katika vikao vya kukusanya maoni, wananchi hutaja barabara, maji na zahanati, na wana haki. Lakini maktaba mara nyingi haina wa kuitetea, na kisichoombwa ni vigumu kutengewa fedha. Mkihudhuria, simameni mseme: tunataka vinasa sauti, viti vya kutosha, na mtu wa kuyaandika masimulizi ya wazee wetu.

Mwacha mila ni mtumwa. Jumamosi saa tatu asubuhi mlango utakuwa wazi.