Umeme Kutoka Maji Yasiyochemka

Wengi tunajua umeme wa jotoardhi kwa mvuke mkali wa Olkaria, Kenya. Je, maji ya moto yasiyofika hata kuchemka yanafaa?

Yanafaa. Kule Kiabukwa, Katanga, mwaka 1952, maji ya nyuzi 91 yalizungusha mtambo mdogo uliolisha kazi za mgodi. Naam, Afrika ilianza mapema, ingawa mtambo ule baadaye ulizimwa.

Siri ni kimiminika kinachochemka upesi. Chukua Chena, Alaska, ambako mtambo wa namna hii ulianza mwaka 2006. Visima vya hapo penye chemchemi hutoa maji ya nyuzi 74 hivi. Maji hayo hupita kwenye mabomba na kupasha kimiminika kile kile cha majokofu, ambacho mahali pa wazi huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Mvuke wake husukuma turbaini, kisha hupozwa kwa maji baridi, ukarudi kuwa kimiminika, na safari huanza upya. Hakuna kinachochomwa.

Tusidanganyane: pale Chena takriban asilimia 8 tu ya joto hugeuka umeme. Kadiri tofauti ya joto na baridi inavyopungua, ndivyo faida inavyopungua. Alaska imebahatika kuwa na baridi ya bure. Kwetu kwenye joto, kupoza ndiko kazi kubwa.

Kwa hiyo mtu akikuuzia mtambo wa chemchemi, muulize kwanza: utapozwa na nini?