Gavana wa Jimbo Nchini Marekani: Nguvu ya Kukataa

Julai 2023, Gavana Tony Evers wa Wisconsin aliletewa bajeti ya jimbo aitie saini. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichoziruhusu wilaya za shule kuongeza mapato yao kwa dola 325 kwa kila mwanafunzi, kwa miaka miwili tu ya masomo, 2023–24 na 2024–25. Evers, aliyewahi kuwa mwalimu, hakuongeza neno hata moja. Alifuta tu. Aliondoa maneno ya katikati, tarakimu kadhaa na kistari, na kilichobaki kwenye karatasi kikasomeka 2023–2425. Ruhusa ya miaka miwili ikawa ya miaka zaidi ya mia nne. Kesi ikafunguliwa, na Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Wisconsin, kwa majaji wanne dhidi ya watatu, ikaamua kwamba gavana hakuvunja katiba.

Kisa hicho kinachekesha, lakini kimebeba kiini cha mada hii. Anayetaka kujua gavana wa jimbo la Marekani ana nguvu gani asianze na hotuba zake wala msafara wa magari yake. Aanze na yale anayoweza kuyazuia, kuyakata au kuyasamehe. Hapo ndipo alipo imara. Anapojaribu kuamrisha, mara nyingi hujikuta akipambana na bunge, mahakama au rais.

Tahadhari moja inafaa itangulie. Msikilizaji wa Kenya, aliyezoea magavana 47 wa kaunti tangu 2013, anaweza kudhani anakijua cheo hiki. Gavana wa Kenya hana polisi, hana jeshi, na hawezi kumsamehe mfungwa. Mkuu wa mkoa wa Tanzania yuko mbali zaidi, kwa kuwa huteuliwa na Rais na hutumwa na Rais. Gavana wa Marekani huchaguliwa na wananchi wa jimbo lake, na rais hana uwezo wa kumfukuza kazi hata wakigombana hadharani kila siku.

Hata hivyo cheo hiki kilizaliwa kinyonge. Wakoloni wa Marekani walikuwa wametawaliwa na magavana ambao wengi wao waliteuliwa na mfalme wa Uingereza, waliovunja mabaraza na kukataa sheria walivyopenda. Uhuru ulipotangazwa mwaka 1776, walioandika katiba za majimbo walikuwa bado na hasira. Pennsylvania haikuweka gavana kabisa. Ilikabidhi serikali kwa baraza. North Carolina ilimweka, ila alichaguliwa na wabunge kwa mwaka mmoja mmoja, na hakuwa na uwezo wa kuzuia muswada wowote. Hofu ile ilidumu kupita kiasi: magavana wa North Carolina walipata kura ya turufu mwaka 1996 tu, na ndilo jimbo lililokuwa la mwisho.

Majimbo mengine yalilegeza mapema, kila moja kwa mwendo wake, ndiyo maana hakuna gavana mmoja wa Marekani anayeweza kuelezwa akawawakilisha wote 50. New Hampshire na Vermont bado huchagua gavana kila baada ya miaka miwili. Virginia haimruhusu kushika vipindi viwili mfululizo. Huko New Hampshire, gavana hateui jaji wala hatoi msamaha bila idhini ya baraza la watu watano waliochaguliwa kivyao.

Lakini katika bajeti, wengi wao wanampita rais. Rais wa Marekani akiletewa muswada wa matumizi ana njia mbili, kuukubali wote au kuukataa wote. Bunge la taifa lilijaribu mwaka 1996 kumpa uwezo wa kufuta kipengele kimoja kimoja, na Mahakama ya Juu ikaibatilisha sheria hiyo mwaka 1998. Magavana wa majimbo zaidi ya 40 wanao uwezo huo. Mbunge aliyepachika barabara ya kijijini kwake katikati ya bajeti anajua fika kwamba ofisi ya gavana inaweza kuipigia mstari barabara hiyo peke yake, na kila kitu kingine kikapita. Kwa hiyo huenda kuzungumza mapema. Sehemu kubwa ya nguvu ya turufu hutumika kabla ya turufu yenyewe, katika mazungumzo ambayo hakuna mwandishi wa habari anayeyaona.

Wisconsin imekwenda mbali kuliko majimbo yote. Tangu 1930 katiba yake inamruhusu gavana kukubali muswada wa fedha kwa sehemu, na magavana wa vyama vyote viwili wakaigeuza ruhusa hiyo kuwa mchezo: walifuta herufi hadi maneno mapya yakajitokeza. Wapiga kura wakapiga marufuku mchezo wa herufi mwaka 1990. Magavana wakahamia kuunganisha vipande vya sentensi tofauti. Huo nao ukapigwa marufuku mwaka 2008. Tarakimu hazikutajwa. Evers akapita hapo hapo.

Texas ni kinyume chake. Mgeni hudhani jimbo kubwa namna ile lina gavana mwenye nguvu za kutisha, kumbe katiba yake ya 1876 imemgawia mamlaka kwa kijiko. Naibu wake huchaguliwa peke yake, ndiye anayeongoza Seneti ya jimbo, na wachunguzi wengi wa siasa za huko wamemwona kuwa na nguvu kuliko bosi wake. Mwanasheria mkuu na mkuu wa hazina nao wana kura zao wenyewe. Bunge hukutana kwa kawaida siku 140 kila mwaka usiogawanyika kwa mbili. Lakini siku hizo zikiisha, ni gavana pekee anayeweza kuliita tena, na yeye ndiye hupanga ajenda. Julai 2025 Greg Abbott aliliita, na katika ajenda mkawa na kuchora upya mipaka ya majimbo ya uchaguzi wa bunge la taifa. Wabunge wa Democratic wakatoroka jimbo ili akidi isitimie. Mamlaka iliyoonekana ndogo ikatikisa nchi nzima.

Msamaha ndio uwanja ambapo gavana husimama peke yake zaidi. Januari 2003, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, George Ryan wa Illinois aliwabadilishia hukumu wafungwa 167, yaani wote waliobaki wakingoja adhabu ya kifo. Wengi walipewa kifungo cha maisha. Wanne wengine alikuwa amewasamehe kabisa. Ryan alikuwa Mrepublican aliyeingia siasa akiunga mkono hukumu ya kifo, na familia za waliouawa zilikasirika mno. Hakuna aliyeweza kutengua uamuzi wake. Illinois yenyewe ilifuta hukumu ya kifo mwaka 2011. Ili picha isiwe ya malaika, inafaa kuongeza kwamba Ryan alitiwa hatiani kwa rushwa mwaka 2006 na akafungwa.

Texas ilimnyang'anya gavana uhuru huo. Miriam Ferguson, aliyechaguliwa mwaka 1924 baada ya mumewe James kuondolewa kwenye ugavana mwaka 1917, alitoa misamaha na nafuu kwa maelfu ya wafungwa, na uvumi ukaenea kwamba inauzwa. Mwaka 1936 wapiga kura wakakabidhi kazi hiyo kwa bodi. Leo gavana wa Texas, bila pendekezo la bodi, anachoweza kumpa aliyehukumiwa kufa ni kuahirisha kifo kwa siku 30, mara moja.

Biashara ya mamlaka ilijitokeza pia kwenye uteuzi. Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais mwaka 2008, kiti chake cha Seneti kilibaki wazi, na sheria ya Illinois ilimpa gavana kazi ya kukijaza. Rod Blagojevich alikamatwa Desemba mwaka huo kwa tuhuma za kutaka kukiuza. Mwezi uliofuata Seneti ya jimbo ikamng'oa, na baadaye akahukumiwa miaka 14. California haikungoja kosa la jinai: mwaka 2003 wapiga kura walimwondoa Gray Davis katikati ya kipindi chake, na kati ya wagombea 135 wakamchagua mwigizaji Arnold Schwarzenegger.

Kwa upande wa askari, gavana ndiye amiri wa Kikosi cha Walinzi wa Taifa katika jimbo lake, hadi rais atakapoamua vingine. Septemba 1957 Orval Faubus wa Arkansas aliwaweka walinzi hao mlangoni pa shule ya Central High mjini Little Rock kuwazuia wanafunzi tisa weusi. Rais Eisenhower alituma askari wa miavuli, na akawachukua walinzi wa Faubus na kuwaweka chini ya amri yake. Askari wale wale waliozuia watoto wakaamriwa kuwalinda. Juni 2025 Rais Trump aliwachukua walinzi wa California wakati Gavana Gavin Newsom akipinga. Rais hakuwa ametumia uwezo huo bila ombi la gavana tangu Alabama mwaka 1965. Newsom akakimbilia mahakamani.

Janga la korona lilipima upande wa kuamrisha. Huko Michigan, bunge lilikataa kurefusha hali ya dharura mwishoni mwa Aprili 2020; Gavana Gretchen Whitmer akaendelea kwa kutumia sheria ya 1945. Tarehe 2 Oktoba Mahakama ya Juu ya jimbo ilisema sheria hiyo inakiuka katiba, kwa kuwa bunge lilikuwa limemgawia gavana kazi yake lenyewe. Amri za miezi mitano zikakosa msingi. Siku chache baadaye mkurugenzi wa afya wa jimbo alitoa amri za barakoa na mikusanyiko zilizofanana sana na zile, safari hii kwa sheria ya afya ya umma ambayo mahakama haikuigusa. Mkurugenzi huyo alikuwa ameteuliwa na Whitmer.