Panya, waya na jibu lisilompendelea mtu

Kipindi kimerekodiwa Kimihurura, Kigali. Mazungumzo ya afya na ufundi.

[Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu]

MTANGAZAJI:   Salamu kwenu mlioko Mahama, Kiziba, Nyabiheke, Kigeme na Mugombwa, na kwako unayesoma karatasi hii baada ya kipindi kupita hewani. Tunazungumza nawe kutoka Kimihurura, hapa Kigali.

Leo nina habari za panya. Najua kambini panya ni adui. Anatoboa magunia, anakula chakula cha watoto, anakimbia juu ya mabati usiku kucha. Sasa nikikuambia kwamba kuna panya anayesaidia kugundua kifua kikuu, utaniuliza maswali mawili. La kwanza: ni kweli? La pili: nani amehakikisha? Swali la kwanza nitalijibu haraka. La pili ndilo kipindi chenyewe, kwa sababu jibu lake limo ndani ya waya, taa na kompyuta ndogo, vitu ambavyo vijana wengi wanaotengeneza simu kambini wanaweza kuvielewa.

Tuanze Morogoro, Tanzania. Huko, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kuna shirika linaloitwa APOPO. Lilianzishwa Ubelgiji mwaka 1997, na tangu mwaka 2000 linafanya kazi Morogoro. Linafundisha panya wakubwa wa Afrika. Watanzania huwaita panya buku. Panya huyu anafika kilo moja na zaidi, haoni vizuri, lakini pua yake ni kali sana. Kwanza walifundishwa kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu ya ardhini 71. Mwaka 2020 shirika la Uingereza linaloitwa PDSA lilimpa medali ya dhahabu.

Kuhusu kifua kikuu, kazi ilianza rasmi mwaka 2007. Makohozi ya wagonjwa yanatoka zahanati, yanapashwa moto kwanza ili vijidudu vife, kisha yanawekwa chini ya matundu ya kizimba. Panya anapita tundu hadi tundu. Akisikia harufu ya ugonjwa, anasimama na kushikilia pua yake palepale kwa sekunde kama tatu. Sampuli 100 anazimaliza ndani ya dakika 20. Mtu mwenye darubini huhitaji siku kadhaa.

[Muziki mfupi]

Sasa swali la pili. Nani amehakikisha?

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mjini Berlin, Ujerumani, kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans. Mwenye farasi, mwalimu Wilhelm von Osten, alisema Hans anajua hesabu. Ukimuuliza tatu na nne ni ngapi, anapiga kwato mara saba. Watu walijaa uani kumtazama. Mwaka 1904 ikaundwa kamati, nayo haikuona udanganyifu wowote. Kisha mtafiti Oskar Pfungst akafanya jambo rahisi: akamleta muulizaji ambaye yeye mwenyewe hakujua jibu. Hapo Hans akashindwa. Kumbe farasi hakuwa akihesabu. Alikuwa akimtazama mtu. Kwato zilipofika saba, muulizaji aliinua kichwa kidogo tu bila kujijua, na Hans akaacha kupiga.

Zingatia hili, ndugu yangu: von Osten hakuwa tapeli. Alimpenda farasi wake na alitaka afaulu. Kutaka kwake ndiko kulikoharibu jibu.

Sasa mrudishe yule panya kwenye kizimba. Mtu anasimama pembeni, anajua tundu la nne lina ugonjwa. Panya akifika pale, mtu huyo anavuta pumzi, anasogeza mkono, au anachelewa kidogo kubonyeza kidude kinacholia "tik" kabla ya chakula. Panya si mjinga, ataanza kumsoma mtu badala ya kunusa makohozi. Na makohozi yale ni ya binadamu. Panya akikosea kwa sababu yetu, kuna mama atakayerudi nyumbani akiwa mgonjwa, akilala chumba kimoja na watoto watano.

Ndiyo maana wanaochunguza tabia za wanyama wamefanya mambo mawili. La kwanza, anayemwangalia panya hajui sampuli ipi ni ipi. Anaona namba tu. Kati ya sampuli zisizojulikana huchanganywa chache ambazo maabara inajua zina ugonjwa. Panya hulishwa kwa hizo peke yake. Akizikosa, wanajua siku hiyo kazi yake si ya kuaminika. Na sampuli aliyoionyesha haimpi mtu dawa moja kwa moja. Maabara huipima tena kwanza. Kwa njia hiyo wamepatikana maelfu ya wagonjwa ambao mara ya kwanza waliambiwa hawana ugonjwa.

La pili ni kuiachia mashine kazi ya kutazama. Mwaka 2024 watafiti wa Morogoro walitoa matokeo ya panya waliofundishwa kunusa magamba ya kakakuona, pembe za ndovu, pembe za kifaru na mbao za mpingo, ili wasaidie kukamata biashara haramu bandarini. Panya hao walifundishwa kwenye kizimba chenye matundu 10, na ni vihisio vilivyopima muda wa pua. 

[Muziki mfupi]

Kizimba cha namna hiyo kinafungwaje? Sikiliza vizuri, wewe kijana wa meza ya simu, na wewe dada unayefunga sola.

Kwenye kila tundu kuna kihisio. Upande mmoja unatoa mwanga usioonekana, kama ule wa rimoti ya televisheni. Upande wa pili unaupokea. Pua ikiingia, mwanga unakatika, na kompyuta ndogo inaanza kuhesabu. Pua ikikaa muda uliowekwa, inaandika "ndiyo". Ikitoka mapema, inaandika "hapana". Panya akistahili chakula, mota ndogo inasukuma bomba la sindano, na tone la chakula laini linatoka. Kompyuta hiyo haihitaji kuwa ya bei kubwa. Maabara nyingi duniani hutumia vibao vidogo kama Arduino au Raspberry Pi, ambavyo vinaenea kiganjani.

Umeme ndio wa kwanza kuangaliwa. Kihisio hutumia umeme mdogo, volti 5. Mota hutaka zaidi, mara nyingi volti 12. Usiifunge mota moja kwa moja kwenye kibao, utakiunguza. Mota ipate umeme wake, na kibao kiiamuru kupitia transista, pamoja na dayodi ya kuzuia umeme unaorudi mota inapozimwa. Fundi wa redio ananielewa.

Kisha mtandao. Tuseme una vizimba vinne. Kila kimoja kina kibao chake, na vyote vinaunganishwa kwa waya kwenye kisanduku kimoja, hadi kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu. Kila kibao kinapewa anwani yake. Ni kama nyumba kambini: nyumba mbili zikipewa namba moja, ujumbe wa jirani unaingia kwako. Kwenye maabara, majibu ya kizimba cha pili yataandikwa kama ya kizimba cha tatu, na hakuna taa nyekundu itakayowaka kukuonya. Mashine itaendelea kufanya kazi kwa furaha, ikiandika uongo.

Saa nazo lazima zilingane. Kibao kimoja kikitangulia dakika mbili, huwezi tena kujua ni sampuli ipi iliyokuwa chini ya tundu wakati ule pua ilipoingia. Na kila kibao kitunze kumbukumbu zake chenyewe, kisha kizitume. Huku kwetu umeme unakatika na mtandao unapotea. Ukitegemea kutuma peke yake, siku waya utakapochomoka utapoteza kazi ya siku nzima bila kujua. Weka na betri ya akiba.

Jambo la mwisho ndilo wengi hulikimbia kwa sababu linachosha. Kabla ya kumleta mnyama, chukua penseli. Iingize tundu la kwanza, mwenzako asome kwenye kompyuta: imeandika tundu la kwanza? Nenda la pili, la tatu, hadi la kumi, kwenye vizimba vyote vinne. Hiyo ni mara 40. Bandika namba kwenye kila waya, ncha zote mbili. Rudia kila asubuhi. Waya wa tundu la nne ukiwa umechomekwa mahali pa tundu la tano, panya atakuwa amesema kweli, na sisi tutapeleka maabara sampuli isiyo na ugonjwa huku mgonjwa akiambiwa yuko salama.

Mashine basi haileti ukweli yenyewe. Inaondoa mkono wetu na matumaini yetu, lakini makosa ya aliyeifunga inayabeba kama yalivyo, tena haraka. Anayepita na penseli asubuhi anamlinda yule mama sawasawa na daktari.

[Muziki mfupi]

Ndugu msikilizaji, hapa kambini kwetu hakuna kizimba cha panya, wala huhitaji kukisubiri. Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukitoka jasho usiku, ukikonda bila sababu, au ukiona damu kwenye makohozi, nenda kituo cha afya. Uliza: mmepokea sampuli yangu, imeandikwa jina langu na namba yangu, na majibu yanatoka lini? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ukiambiwa huna ugonjwa na kikohozi hakiishi, rudi upimwe tena. Ukipewa dawa, matibabu ya kawaida ni miezi 6. Usiache mwezi wa pili kwa sababu umejisikia nafuu. Kifua kikuu kinatibika, na jirani yako anayekitibu si wa kukimbiwa.

Na wewe kijana uliyemaliza sekondari, au hukumaliza, unayekaa na bisibisi na simu zilizokufa: kazi hii ya vihisio na waya haichagui cheti kwanza. Inachagua mtu mwenye subira ya kuingiza penseli mara 40. Anza na kihisio kimoja, taa moja na betri. Fanya taa iwake kidole kinapokatiza mwanga. Kisha andika kila inapowaka, na mwombe mwenzako ahesabu kwa macho. Mkitofautiana, tafuteni kwa nini.

 Maswali yenu mpeni mwakilishi wa wasikilizaji katika kijiji chenu. Tutayajibu hapa hapa wiki ijayo.  

[Muziki wa kipindi unapanda hadi mwisho]