Fikra na Tashtiti: Vitabu vya Siasa kwa Msomaji wa Miono



Nimeombwa nitaje vitabu vya siasa vya kusomwa kwa Kiswahili. Nitavitaja viwili viwili, kwa kuwa naamini kitabu cha fikra kisomwe sambamba na kile kinachoisuta fikra hiyo. Anayesoma cha kwanza peke yake hugeuka mpiga makofi. Anayesoma cha pili peke yake hugeuka mtu wa kubeza kila kitu.

Chukueni Azimio la Arusha la 1967. Someni polepole masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asiwe na hisa katika kampuni, asipangishe nyumba. Halafu fungueni Shamba la Wanyama, riwaya ya George Orwell iliyotafsiriwa na Fortunatus Kawegere na kutoka mwaka huohuo wa 1967. Mle, amri zilizoandikwa ukutani hubadilishwa kimyakimya, neno baada ya neno, mpaka wanyama hawakumbuki tena walikubaliana nini. Orwell aliwalenga watawala wa Urusi. Lakini mwaka 1991 masharti ya Arusha yalilegezwa Zanzibar, na vijana wengi walio hapa hawajawahi kuyaona yalivyoandikwa. Mwananchi asiyejua ukuta ulisema nini jana hawezi kumuuliza kiongozi wake lolote leo.

Jozi ya pili inatuhusu sisi wa vijijini. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba ujamaa ni imani ya moyoni, yenye mizizi katika udugu wa familia zetu. Miaka kumi na ushee baadaye, watu walipakiwa kwenye malori kupelekwa vijiji vipya. Hapo msomeni Euphrase Kezilahabi. Gamba la Nyoka (1979) inawaonyesha wanakijiji wakihamishwa kwa nguvu, na tamthilia yake Kaptula la Marx, iliyobaki mswada kwa miaka mingi hadi ilipochapwa 1999, inamvisha rais kaptula isiyo saizi yake. Kwangu mimi, Kezilahabi ndiye rafiki wa kweli wa ujamaa, kwa sababu aliuchukulia kwa uzito kiasi cha kuudai utimize ahadi yake.

Nje ya jozi hizo, kina mama wasikose Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982), ambamo wanawake wa kijiji cha Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo yao.

Wala msidhani suto hutoka kwa wapinzani tu. Katika Tujisahihishe, kijitabu cha 1962 pia, Nyerere aliwakemea wenzake wa chama cha TANU.

Walimu, nawaomba: mkipata fedha za vitabu viwili tu, nunueni Azimio la Arusha na Shamba la Wanyama, muwape wanafunzi wavisome katika muhula mmoja, kisha waiteni wazazi waje kuwasikiliza wakijadiliana.