Daktari wa Madurai na macho ya Tanga

Mzee wa Chumbageni, Tanga, aliyepofushwa na mtoto wa jicho anaweza kuona tena kwa upasuaji mfupi na lenzi ya bandia. Mara nyingi kinachomkwamisha ni gharama, nauli na uhaba wa madaktari bingwa.

Daktari Govindappa Venkataswamy, aliyezaliwa kusini mwa India mwaka 1918, alipambana na vikwazo hivyo hivyo. Baridi yabisi ilimpinda vidole angali kijana, lakini alijizoeza kushika kisu na akapasua macho zaidi ya 100,000.

Alipostaafu serikalini mwaka 1976 hakupumzika. Alifungua hospitali ya Aravind mjini Madurai, ikiwa na vitanda 11 tu. Wenye uwezo walilipa, na fedha zao zikawatibu maskini bure. Wauguzi waliandaa wagonjwa. Daktari akimaliza mmoja, anamgeukia wa pili papo hapo. Mwaka 1992 kiwanda cha hospitali hiyo, Aurolab, kikaanza kutengeneza lenzi, na bei ikashuka sana.

Alifariki mwaka 2006. Kwa Tanga, la kuiga ni mpangilio wake: Hospitali ya Bombo iongezewe wauguzi wa macho, na gari liwafuate wagonjwa hadi Pangani na Mkinga.